Papa Alivyoikimbia Mashine Yetu

Goma, Ndosho
Jumapili, 19 Novemba 2023

Mpendwa Yaya Léoncie,

Nakusalimu kwanza wewe, dada yangu mkubwa, halafu shemeji Buhendwa, halafu watoto mmoja mmoja hadi yule wa mwisho ambaye bado namjua kwa picha tu. Mmeamkaje huko Sherbrooke? Mgongo wako unaendeleaje? Ulisema daktari amekukataza kuinua vitu vizito, nami namjua dada yangu: atakuwa ameinua kila kitu ndani ya nyumba ili kumwonyesha daktari kwamba amekosea. Nasikia theluji imeanza. Vaeni vizuri.

Sisi huku tuko hai, tunamshukuru Mungu. Mke wangu Mahoro hajambo, malaria ilimpata mwezi uliopita lakini imemwacha. Watoto wanasoma. Gisubizo, mkubwa wetu, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na amenipita kimo, jambo analonikumbusha kila tukisimama mlangoni. Papa, mzee wetu, yuko hapa nyumbani kwetu, anakula, analala, na mguu wa kushoto ni uleule wa kuburuza tangu alipougua. Haya yote unayajua kwa simu.

Ninachokuandikia hukijui. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu nyumba yetu ni ya mbao, na wewe unazijua nyumba za Goma: ukinong'ona kwenye simu chumba cha kwanza, chumba cha tatu wanakujibu. Papa angesikia. Padri Télesphore wa parokia yetu anakuja Montréal kwa masomo, na ameahidi kuitia barua hii posta akifika. Isome ukiwa peke yako, tafadhali, kisha umsomee shemeji, maana na yeye inamhusu.

Tuanze na ile picha niliyokutumia mwanzoni mwa Oktoba, kwadi yetu, ile pikipiki ya magurudumu manne, imesimama mbele ya karakana, inang'aa, na mimi nimeikalia nimevaa kofia ya shemeji. Ulinijibu kwamba umeionyesha kanisani na watu wameipenda. Kisha ukaniomba picha nyingine, ya Papa akiwa amekaa nyuma yangu, na kila ulipoiomba nilikuambia mtandao ni mbaya. Mtandao haukuwa mbaya, Yaya. Picha hiyo haipo, na niliona aibu kukuambia kwa nini.

Unakumbuka tuliihitaji mashine ile kwa ajili gani. Papa alikuwa bado Rugarama, juu ya kilima chetu, yeye na ng'ombe wake. Barabara kubwa inayopanda kutoka Sake ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama duka la mlevi, leo wako wapiganaji hawa, kesho wale. Zilizobaki ni njia za ng'ombe. Kutembea mbali Papa hawezi. Kukaa nyuma ya pikipiki ya kawaida hawezi, tulijaribu mwaka jana, anaangukia upande wa kushoto. Kwa hiyo chama chetu cha wauza jibini kilipopata ile pikipiki ya magurudumu manne, kutoka kwa shirika moja lililokuwa linafunga mizigo yake, wenzangu waliona jinsi ya kushusha jibini. Mimi niliona kiti cha nyuma tu.

Na wewe ndiye uliyemlainisha Papa. Ulimbembeleza kwa simu majuma mazima, naye anakujibu kwamba mtu hahami kwake kwa sababu ya kelele. Mpaka siku aliyosema, haya, Modeste aje anichukue. Tangu hapo kazi ilibaki yangu, kumshusha Papa kabla vita havijapanda kilima.

Nitakueleza kazi niliyoifanya, kwanza kwa sababu shemeji atataka kujua, pili kwa sababu niliionea fahari kupita kiasi. Zile njia unazijua. Chini ni mawe ya lava yanayokata tairi kama wembe, juu ni tope, na katikati ni vijito na visiki. Kwadi ilikuja na kifuniko cha plastiki tumboni, jiwe la kwanza lingeitoboa injini. Shemeji alinifundisha kwa simu kwa uvumilivu wa mwalimu: linda tumbo kwanza, kisha vyuma vinavyoshika magurudumu, kisha radieta, kisha mikono yako mwenyewe. Huko kwenu watu wanazipeleka mashine hizo msituni kwa starehe na bado wanazivalisha hivyo. Mimi ninayekwenda kumchukua baba yangu ningeiacha uchi?

Fundi Mulumeoderhwa, anayechomelea vyuma hapa Ndosho, alikata bamba nene kutoka kwa lori lililoungua mwaka wa volkano, akalikunja likafunika tumbo lote na kutokeza pembeni kama mbawa. Akatengeneza bampa ya mabomba mbele, na nyingine nyuma. Tukaliinua bomba la kuvuta hewa hadi karibu na usukani ili maji ya vijito yasiingie kwenye injini. Tukainua na ekzosi, na hapo sauti ikabadilika, ikawa nzito, unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Tukaifunga ile winchi ya kujivuta kwenye tope, iliyokuja ndani ya pipa la mizigo mliyotutumia, na kinga za mikono, na matairi yenye meno. Kila nilipomaliza kitu niliona kitu kingine kinachokosekana. Mulumeoderhwa alifika mahali pa kuniuliza kama nakwenda kuchukua baba au bibi arusi.

Mwisho ikawa rangi. Nilitaka rangi isiyoonyesha tope wala mikwaruzo. Muuzaji alikuwa na kijani kilichokolea, kile unachokijua kama umewahi kupita Katindo mbele ya kambi ya jeshi, na mimi nikakipenda. Mahoro alikuja karakana kuniletea chakula, akaitazama mashine bila kuizunguka. “Papa Gisubizo,” akaniambia, “hii rangi ni ya batu ya bunduki.” Nikamwambia mambo ya rangi aniachie mimi. Aliniachia.

Niliondoka asubuhi nimevaa kila kitu alichotuma shemeji: kofia ngumu yenye kioo cheusi usoni, glavu, kinga ya kifua, kinga za magoti, buti. Kwenye kizuizi cha kwanza baada ya Sake, kijana mwenye bunduki ambaye mwaka mzima amenisumbua nikiwa na pikipiki yangu ndogo alisimama wima, akanipigia saluti. Sikumrekebisha. Nakuambia ukweli wote, Yaya, nilifurahi. Nilipita nimenyoosha mgongo, na nilipokaribia kizuizi cha pili nilitamani wanisalimie tena. Walinisalimia.

Hapa lazima nikukumbushe jambo ambalo pengine miaka ya huko imelifuta. Chini ya Rugarama kuna kijito, na tangu vita vya utoto wetu desturi ni kwamba anayekuja husimama pale. Anazima injini kama anayo, anavua kofia, anaita kwa sauti jina lake na la baba yake. Walio juu wanajibu, ndipo anapanda. Padri anafanya hivyo. Watu wa chanjo wanafanya hivyo. Asiyeita si mgeni, na hakuna anayebaki kumwuliza yeye ni nani.

Mimi nimeita pale miaka yote. Mwaka ule wa volkano, lava ilipofunika ghala letu kule Buhene na serikali ikatuambia tuhame mji, tulifika kwenye kijito watoto miguu imevimba, nikaita. Papa, wakati huo mguu ukiwa mzima, alishuka mwenyewe hadi majini, akambeba mtoto wetu mdogo mgongoni. Kwa hiyo siwezi kukudanganya kwamba sikujua.

Lakini siku hiyo sikusimama. Baada ya kijito kuna ule mpando wa tope ambao ulinishinda kila mara, na mashine ilikuwa imeshika mwendo mzuri, maji yanaruka huku na huku. Ningezima, ningepoteza nguvu ya kupanda. Hiyo ndiyo sababu ninayoweza kuitaja mbele ya watu. Sababu ya pili ni kwamba nilitaka Papa anione nikitokea juu bila kushuka, mimi ambaye siku zote nimefika kwake nikisukuma pikipiki huku nimeloa hadi kiunoni. Nikaongeza moto, nikapanda hadi uani.

Uani hapakuwa na mtu. Sufuria ya maharage ilikuwa jikoni inamwaga povu, redio inasema habari, mlango wazi. Katikati ya njia palikuwa na kandambili moja. Nami, Yaya, nilikaa juu ya mashine, injini inanguruma, nikingoja watoke wanishangilie. Nilichelewa kuelewa. Kisha nikaiona fimbo ya Papa imelala chini karibu na kiti chake, nikazima.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye shamba la viazi. Alikuwa amejikokota kwa viwiko hadi katikati ya matuta, akalala kifudifudi, akajivutia majani kichwani. Mama Nyiramahirwe, jirani yule anayempikia, alikuwa amejaribu kumvuta, lakini Papa alimwamuru akimbie na watoto amwache. Hilo niliambiwa baadaye. Aliposikia buti zangu aligeuka, akajiinua akakaa, akanyoosha mikono yote miwili juu.

“Chef, pardon,” akaniambia, kama watu wanavyowaomba wanajeshi huruma. “Niko muzee, sina kitu. Ngombe ziko kule, muzichukue. Hapa batu hakuna, niko miye peke yangu.”

Nilisahau kwamba nimevaa kofia. Nilimwambia ni mimi, Papa, ni Modeste, lakini kofia ile inameza sauti, na yeye alichoona ni kioo cheusi kinamsogelea. Akarudia, “Pardon, chef.” Nilipoweza kuivua, alinitazama mikono ikiwa bado juu, halafu akaishusha polepole. Suruali yake ilikuwa imelowa. Unaelewa, usinilazimishe niandike zaidi. Nilimwona baba yangu katika hali ile, na yeye aliniona ninavyomwona.

Niliinama nimwinue. “Usinikamate,” akasema. Akaniambia nimwite Niyibizi, rika lake, na wakati wa kungoja nigeuke nitazame kule. Niyibizi alikuwa amekimbilia msituni pamoja na wengine. Basi tukakaa hivyo, yeye kwenye viazi, mimi nimempa mgongo na kofia ya shemeji mapajani, mpaka watu walipoanza kurudi.

Mama Nyiramahirwe alifika kwanza, mtoto mgongoni, mguu mmoja hauna kandambili. Aliitazama mashine, akanitazama mimi. “Ni weye?” akauliza. “Tulikimbia weye?” Akaanza kucheka, na waliomfuata wakacheka pia, huku wanafuta jasho na kuokota vitu walivyoviangusha. Waliniletea maziwa. Mmoja akaisifu mashine, akasema kweli ina nguvu. Hakuna aliyenigombeza, Yaya, na afadhali wangenigombeza. Niliyanywa yale maziwa macho yakiwa chini.

Niyibizi alimwingiza Papa ndani akafunga mlango. Papa alipotoka alikuwa amevaa koti lake la Pasaka, amechana nywele, akaketi kwenye kiti chake na kuniuliza habari za Goma kana kwamba ndiyo kwanza nafika. Nikamjibu. Nilipomwambia kwamba kesho tunashuka, alitikisa kichwa. Ile kitu, akasema, hawezi kuipanda.

Siku ya pili tulianza kusikia milio mizito ng'ambo ya bonde, kwanza mara mojamoja, halafu ikifuatana. Wenye jamaa Sake walikuwa wanafunga mizigo. Nilimsihi Papa. Nilimwambia nitaendesha mimi mwenyewe, hakuna mwingine atakayeigusa. Nilikutaja wewe, nikamwambia Léoncie halali kwa ajili yako. Alikuwa anawaangalia ng'ombe, akanijibu bila kugeuka, “Najua ni weye. Mwili yangu ndiyo haijue.”

Nilikwenda nikasimama karibu na mashine, nikaitazama kwa mara ya kwanza kama wao walivyoiona. Yaya, ningeisikia inakuja na mimi ningekimbia. Ningemwacha nani nyuma, sijui, lakini ningekimbia. Tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi nilikuwa namlinda nani kwa chuma chote kile, na jibu halinipendezi.

Ni Niyibizi aliyesema tuivue. Nikatoa spana. Nilifungua bampa zote mbili, kinga za mikono, winchi na lile bomba la hewa. Ekzosi tuliirudisha chini, na sauti ikapungua. Bamba la tumbo nilitaka kulibakiza. Nilieleza habari za mawe, nikaeleza habari za injini, nikawa nasema kama shemeji. Papa alinyoosha fimbo kuelekea zile mbawa za kijani, akasema tu, “Na ile ya chini.” Nikalala chini nikalitoa.

Rangi haikuwa na dawa. Mama Nyiramahirwe alileta vitenge vyake, akavifunga mbele, pembeni, hata kwenye usukani, vya maua mekundu na vya ndege wa bluu. Kofia, glavu na kinga ya kifua niliziweka juu ya banda la mbuzi na hazijashuka mpaka leo. Papa aliizunguka mashine na fimbo yake, akasema sasa inafanana na kitu ya mutu. Akakubali kupandishwa, na aliyempandisha ni Niyibizi.

Tulishuka kwa mwendo wa miguu. Niyibizi na vijana wake walitangulia, wanaondoa mawe kwa mikono, wanatandika matawi penye tope, na kila njia inapopinda mmoja anaita kwamba ni wa kwetu, ni muzee Mbarushimana anashuka. Watu walibaki wamesimama mashambani mwao, wakamsalimu Papa, naye akawajibu kwa majina. Nyuma yangu alikuwa ameshika vyuma vya kiti. Kila penye mteremko mkali nilingoja anishike kiunoni. Hakunishika.

Juu kidogo ya Sake jiwe lilipata tumbo, kama nilivyosema litalipata. Nilisikia mlio, halafu oili ikaanza kumwagika njiani. Mtu pekee aliyekuwa na haki ya kusema “niliwaambia” ni mimi, na mdomo wa kusema hivyo sikuwa nao. Walitusukuma hadi barabarani, tukapakiwa na mashine yetu kwenye lori la kwenda Goma. Vizuizini tulisimama kama watu wote, tukaulizwa vitambulisho, tukangoja. Hakuna aliyenipigia saluti.

Siku chache baadaye njia ile ilifungwa kabisa. Papa alikuwa amekwisha kufika kwetu, na kwa hilo tumshukuru Mungu. Niyibizi na vijana wake walirudi juu siku ileile, hawakukubali hata kulala. Ng'ombe wa Papa wako kwa Niyibizi. Habari ya mwisho niliyopata ni kwamba wamehamia kilima cha nyuma, wote wazima, pamoja na Mama Nyiramahirwe. Tangu hapo simu ya Niyibizi haipatikani. Waombee, na vitenge vya mama yule viko hapa, Mahoro amevifua akavikunja.

Sasa mwambie shemeji, kwa heshima zangu zote, kwamba vitu vyake vimebaki Rugarama. Najua alivyovitafuta, najua alivyovifunga kwenye pipa kwa mikono yake. Hakukosea lolote yeye, njia zake na zetu ndizo zisizofanana. Namwomba asitume zile taa kubwa za mbele alizokuwa ameziahidi. Injini imezibwa, na Mulumeoderhwa ameweka bamba jingine, jembamba, lisiloonekana kwa nje. Ekzosi ni ileile ya mwanzo. Mashine tumeipaka njano ya bidon, yale madumu ya maji, inayoonekana kutoka mbali, tope na mikwaruzo na yote. Mahoro ndiye aliyechagua. Mambo ya rangi sasa ni yake.

Ukiniuliza kama yamekwisha, sikuweza kukujibu ndiyo mpaka leo asubuhi. Wewe kwenye simu Papa alikuambia safari ilikuwa njema. Wageni wakija anawaambia Modeste ndiye aliyemshusha, na mimi niko palepale namimina chai, natamani ardhi inifiche. Mbele za watu ananitendea vizuri kuliko ninavyostahili. Lakini tangu afike hakukubali nimwogeshe. Mahoro hawezi, yeye ni mkwe, jambo hilo halitajwi hata kwa utani. Kwa hiyo kila asubuhi alikuja Kamate, seremala, yule mzee wa Butembo aliyejenga karibu nasi. Mimi nachemsha maji, naleta beseni hadi mlangoni, Kamate analipokea, anafunga. Nakaa nje nawasikia wanavyozungumza na kucheka.

Simwonei Kamate wivu, ni mtu mwema. Ila kila mlango ule ulipofungwa, nilirudi kwenye lile shamba la viazi. Hata nimezoea kukohoa kabla ya kuingia chumbani kwa baba yangu mwenyewe, asije akashtuka. Mahoro ameliona hilo na hajaniuliza. Mara mbili au tatu nilitaka kumwomba Papa msamaha, nikaogopa kwamba kuomba ni kumkumbusha.

Leo Kamate hakuja, amekwenda Misa ya kwanza kwa sababu ya ubatizo wa mjukuu wake. Nililiweka beseni mlangoni kama kawaida, nikakaa, nikiwaza nikamwite mzee gani mwingine. Maji yalikuwa yanapoa. Nikamsikia Papa kutoka ndani.

“Modeste, mayi inapoa.”

Nikamwambia Kamate hayuko.

“Najua,” akasema. “Ingia nayo.”

Niliingia. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu mbaya ameunyoosha. Niliweka beseni chini, nikakunja mikono ya shati langu, na sikujua nianzie wapi. Papa alikuwa anatazama ukutani. “Siku ile niliogopa,” akasema. Sijawahi kumsikia akijisemea neno hilo, Yaya, tangu nizaliwe. Wewe umewahi? Msamaha niliokuwa nimeupanga tangu Oktoba ulinikwama wote. Nilisema tu, “Najua, Papa.” Akanigeukia, akanitazama usoni, akainua mikono yote miwili juu ili nimvue shati.

Nilimwogesha.

Sasa anapumzika, nami nimekaa nje nakuandikia kabla Padri Télesphore hajaja kuchukua barua. Ukipiga simu usimwulize habari za safari. Mwulize ng'ombe, anapenda kuulizwa ng'ombe.

Mahoro anakusalimu sana, na Gisubizo na wadogo zake wanamsalimu shangazi yao na binamu zao. Mulumeoderhwa anamsalimu shemeji, anasema siku akija Ndosho atamwonyesha bamba jipya. Mungu awafunike nyote katika baridi hiyo, awape kazi yenye amani, na atujalie siku ya kuketi tena pamoja, sote, na baba yetu akiwa katikati.

Papa ameamka, ameniuliza namwandikia nani. Nimemwambia ni wewe. Anakusalimu, na anasema nisikuandikie mengi.

Mdogo wako anayekupenda na kukukumbuka kila siku,

Modeste